Jiwe la Kuzuia Mlango

Katika ofisi ya usharika wetu kuna jiwe. Ni jeusi lenye michirizi ya kijivu na meupe, zito kuliko linavyoonekana, ukubwa wake kama mkate wa boflo. Kwa miaka minne kazi yake ilikuwa kuuzuia mlango usipigwe na upepo wa jioni unaopanda kutoka bondeni. Wengi wetu tuliingia na kutoka bila kulitazama. Mara moja moja mtu alijikwaa kidole akalilaumu.

Lililetwa na kijana wetu. Tunamwita wetu kwa sababu alibatizwa hapa, akapata kipaimara hapa, akaimba sauti ya tatu katika kwaya ya vijana, na alipochaguliwa kwenda chuo kikuu kusoma jiolojia usharika ulimchangia nauli na godoro. Likizo ya Pasaka ya mwaka wake wa tatu alikuja kwenye ushirika wa vijana na jiwe lile ndani ya mfuko wa rambo, akaliweka mezani mbele yetu wazee tuliokuwa tumealikwa. Alisema amelitoa ukingoni mwa barabara ya Mombo kwenda Lushoto, pale mlima ulipochongwa kupitisha barabara. Alisema kwamba kwa walivyofundishwa, mawe ya namna hii yalikuwa uji wa moto chini ya volkano za baharini, kiasi cha miaka milioni 800 iliyopita. Ameona jinsi hesabu zinavyofanywa, na haoni zimekosea wapi. Kisha akauliza, si kwa ujeuri: "Wazee wangu, mimi bado ni wenu?"

Mmoja wetu akamjibu kwamba anayehesabu miaka ya jiwe kuliko miaka ya Kitabu amekwisha kuchagua bwana wake. Sisi wengine tulinyamaza. Baadhi yetu tulinyamaza kwa sababu tulikubaliana naye, wengine kwa kuogopa kumpinga mzee mwenzetu mbele ya watoto, na wengine, tuseme kweli, kwa sababu hatukuwa na la kusema. Kijana akachukua Biblia yake akatoka. Jiwe aliliacha. Hakurudi tena ibadani.

Tunaandika haya kwa sababu tumekuwa tukijiuliza tulikosa wapi. Kutojua si kosa letu. Hakuna kati yetu aliyesomea miamba, na Mungu hamhukumu mkulima wa viazi kwa kutojua umri wa mlima anaoulima. Swali letu ni jingine: je, ni halali kumtetea Mungu kwa maneno ambayo hatujayachunguza?

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya nne, Israeli walipovuka Yordani waliamriwa kuokota mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto na kuyasimamisha, ili siku moja watoto waulize yana maana gani. Swali la mtoto kuhusu jiwe lilitarajiwa. Lilipangwa. Mzazi alipaswa kukaa na jibu tayari. Sisi mtoto wetu alituletea jiwe mkononi na swali mdomoni, na jibu tulilokuwa nalo tayari lilikuwa kumfukuza.

Basi tulianza pale tulipopaswa kuanza, yaani kumsikiliza shahidi kabla ya kumhukumu. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu wa jiografia, alitusaidia kusoma na kuuliza. Tutaeleza kwa kadiri tulivyoelewa.

Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yanayotembea polepole sana, sentimita chache kwa mwaka, kama kucha za vidole zinavyokua. Mahali fulani bamba lenye sakafu ya bahari hukutana na bamba jingine, likainama na kuzama chini yake. Sakafu hiyo imenyonya maji kwa muda mrefu. Inapozama na kupata joto, maji hutoka, yakapanda katika mwamba ulio juu yake, na mwamba wenye maji huyeyuka kwa urahisi kuliko mwamba mkavu. Uji wa moto hupanda, na juu yake volkano hujipanga kwa mstari uliopinda kama upinde. Japani ni hivyo, na sehemu kubwa ya Indonesia. Hapo ndipo ganda jipya la nchi kavu linapotengenezwa, na hapo ndipo milima mikubwa huanza, maana bahari ikiisha kumezwa yote, nchi mbili zilizokuwa ng'ambo na ng'ambo hugongana.

Hapa tuondoe jambo linalowachanganya wengi, kwani sisi pia lilituchanganya. Kilimanjaro ni volkano, lakini si volkano ya namna hiyo. Hakukaa juu ya bahari inayomezwa. Alizaliwa kwa sababu ardhi ya Afrika Mashariki inapasuka na kuvutika, na ni kijana: umri wake hauzidi miaka milioni 3. Milima yetu ya Usambara haina volkano yoyote leo, na urefu wake wa sasa umetokana na mipasuko ya ardhi iliyoinua kipande hiki cha nchi na kuacha tambarare kule chini Mombo. Lakini jiwe lenyewe ni zee kuliko umbo la mlima, kama vile mbao za nyumba zilivyo zee kuliko nyumba.

Mwaka 2002 Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenzake Nakamura walichapisha kazi yao juu ya mawe ya Usambara. Walipima elementi mbili, samari na neodimi. Aina moja ya samari hugeuka kuwa neodimi, na hufanya hivyo polepole mno: nusu yake huhitaji miaka bilioni 106. Kwa kupima zote mbili katika mawe mengi ya ukoo mmoja, walikadiria kwamba uji wa moto uliyoyazaa uliganda takribani miaka milioni 800 iliyopita. Waliona pia kwamba mawe haya hayakutokana na nchi kavu ya kale zaidi iliyoyeyushwa upya. Yalikuwa mapya wakati ule, yametoka chini karibu moja kwa moja, na kemia yake ni ya volkano za pale ambapo bahari humezwa. Mawe kama hayo, ya wakati kama huo, yapo pia kaskazini, kuanzia Sudani na Misri hadi upande wa pili wa Bahari ya Shamu, Arabuni.

Yaani mahali tunapolima kabichi palikuwa chini ya mstari wa volkano, kando ya bahari isiyokuwapo tena. Wataalamu wameipa jina, Bahari ya Msumbiji, ingawa haihusiani na maji ya pwani ya leo. Ilifungwa. Nchi zilizokuwa pande zake mbili zilikutana, na mawe ya volkano yakasukumwa chini kilomita 30 au zaidi, kwenye joto la nyuzi kama 800, ambako yalikandwa upya mpaka yakapata michirizi tunayoiona ukingoni mwa barabara. Juu yake ilisimama milima ambayo hakuna macho yaliyoiona. Mvua na mito iliimaliza yote. Jiwe letu la mlangoni lilikuwa kwenye mizizi ya milima hiyo, na lipo juu leo kwa sababu kila kilichokuwa juu yake kimekwisha kuondoka.

Tarehe ya kukandwa huko nayo imepimwa, kwa njia nyingine. Ndani ya mawe mengi mna punje ndogo za madini yaitwayo zirkoni, nyingine ndogo kuliko punje ya chumvi. Zirkoni inapojijenga hukubali urani kidogo ndani yake lakini huikataa risasi, ile metali nzito. Urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo unaojulikana. Kwa hiyo risasi inayokutwa ndani ya punje, karibu yote, imezaliwa humo humo baadaye. Tena urani ni ya aina mbili, na kila moja ina mwendo wake: nusu ya moja huisha kwa miaka bilioni 4.5 hivi, nusu ya nyingine kwa miaka milioni 704. Ni saa mbili ndani ya punje moja. Zikipatana, mpimaji ana sababu ya kuamini. Zisipopatana, anajua jiwe limepata msukosuko na inambidi aulize zaidi. Punje nyingine zina kiini cha zamani na gamba lililoota juu yake wakati wa msukosuko, kama pete za mti, na siku hizi inawezekana kupima kiini peke yake na gamba peke yake. Mwaka 1994 Sospeter Muhongo, ambaye Watanzania wengi walikuja kumjua baadaye kama waziri wa nishati na madini, alichapisha pamoja na mwenzake Lenoir umri wa zirkoni za mawe ya ukanda wetu huu. Kwa jumla ya vipimo vilivyofanywa na watu mbalimbali tangu hapo, kukandwa kwa mawe ya milima hii ya mashariki kunawekwa kwenye miaka milioni 640 hivi iliyopita.

Kule Usagara, upande wa Iringa, kuna mawe yaliyozamishwa kwa namna hiyo hiyo miaka kama bilioni 2 iliyopita, na wataalamu wa dunia nzima huyataja wanapojadili ni tangu lini mabamba ya dunia yamekuwa yakimezana. Tunalitaja kwa sababu wazee tulizoea kufikiri kwamba habari kubwa za uumbaji zimeandikwa mahali pengine.

Baada ya kuyasikia haya tulirudi kwenye neno tulilomwambia kijana, kwamba anahesabu miaka ya jiwe kuliko miaka ya Kitabu. Tukaulizana: Kitabu kimetoa hesabu wapi? Tulitafuta. Biblia zetu za Kiswahili hazina tarehe ya uumbaji mahali popote. Mwaka 4004 kabla ya Kristo, ambao wengi wetu tuliusikia utotoni, ni hesabu ya Askofu James Ussher wa Ireland, mtu mcha Mungu na msomi kweli kweli, aliyejumlisha vizazi na tawala katika kitabu chake cha mwaka 1650. Baadaye wachapaji wa Biblia za Kiingereza walianza kutia tarehe zake pembeni mwa kurasa, na kilicho pembeni kikaanza kusomwa kama kilicho ndani. Kwa hiyo tulimfukuza mtoto kwa ajili ya maandishi ya pembeni.

Kuna Mwingereza mmoja, Arthur Holmes, aliyelelewa katika nyumba ya Wamethodisti, na utotoni aliiona tarehe hiyo katika Biblia ya wazazi wake ikamsumbua. Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 21 tu, alichapisha umri wa miamba aliyoipima kwa urani na risasi. Mwaka huo huo alikwenda Msumbiji kutafuta madini, asipate ya maana, na malaria ikakaribia kumuua. Lakini huko aliiona miamba ya kale na zirkoni zake, akaendelea na kazi ya kupima umri wa dunia maisha yake yote. Ndiye aliyekuja kuupa ukanda wetu jina linalotumika hadi leo, Ukanda wa Msumbiji. Hatujui kama wazazi wake walimpa jibu gani alipouliza. Tunajua tu kwamba swali alilibeba mwenyewe, na limewanufaisha wengi.

Sasa lipo jambo linalotuuma zaidi, nalo ni la ushuhuda. Miezi michache baada ya kijana kuondoka, tulikuwa na semina ya mhubiri mgeni. Alifundisha kwamba wanasayansi walimpima konokono aliye hai wakapata umri wa maelfu ya miaka, kwa hiyo vipimo vyote vya umri wa miamba ni uongo. Tulipiga makofi. Mwalimu wetu wa jiografia naye alipiga, ametukubalia hilo mwenyewe. Kisa cha konokono kina ukweli ndani yake: konokono wengine hujenga gamba kwa kaboni iliyotoka kwenye mawe ya chokaa ya kale, basi kipimo cha kaboni huwazeesha. Lakini hilo liligunduliwa na wanasayansi wenyewe, wakaliandika ili watu wachukue tahadhari. Na kipimo cha kaboni hakitumiki kabisa kwa mawe kama letu. Uwezo wake unaishia kwenye miaka kama 50,000. Kukitumia kuikanusha zirkoni ni kama kusema mizani ya duka la sukari ina hitilafu, kwa hiyo kipimo cha mafuta ya taa cha duka la jirani ni cha wizi.

Huenda mhubiri yule hakujua. Hatumtaji, wala hatumhukumu, kwa sababu sisi tuliopiga makofi hatukuwa tumejua pia, na tulipiga kwa nguvu. Lakini amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo haikusema jirani huyo awe asiwe mwanasayansi. Maboko ni jirani. Wanafunzi wanaoshinda maabara wakiosha punje kwa tindikali ni majirani, na baadhi yao wameketi kwenye mabenchi yetu. Kuwaita waongo bila kuwasikiliza ni dhambi yenye jina.

Kitabu cha Ayubu kimelisema hili kwa ukali kuliko tunavyoweza sisi. Katika sura ya kumi na tatu Ayubu anawageukia rafiki zake, watu wa dini sana, na kuwauliza kama kweli watasema yasiyo haki kwa ajili ya Mungu, kana kwamba Mungu anahitaji upendeleo wao. Na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia hao hao waliojifanya mawakili wake. Tulikuwa tumesoma Ayubu mara nyingi msibani. Hatukuwahi kufikiri kwamba sisi ndio rafiki zake.

Wapo wenzetu waliofikiri suluhisho ni kugeuza mambo upande wa pili: kusema kwamba siku sita za Mwanzo ni vipindi sita vya mamilioni ya miaka, na kwamba zaburi inayoimba jinsi milima ilivyoinuka na mabonde yalivyoshuka ilikuwa tayari inafundisha habari za mabamba. Tulivutwa. Ni jambo tamu, linampa kila mtu ushindi. Lakini tulipolitafakari tuliona ni kosa lile lile limevaa kanzu nyingine. Mtunga zaburi alikuwa anamsifu Bwana wake kwa kuitazama milima kwa macho, na kumtia mdomoni maneno ya maabara ni kumshuhudia uongo yeye naye. Vipimo navyo hubadilika. Kesho wakisahihisha milioni 800 kuwa milioni 760, tutaisahihisha zaburi?

Na kuhusu kusahihishwa, kuna kitu tulichojifunza kwa wapimaji hawa kilichotushangaza. Kila tarehe wanayoitoa huandika kando yake kiasi ambacho huenda wamekosea. Ile ya Usambara iliandikwa na nafasi ya makosa ya makumi ya mamilioni ya miaka, waziwazi, ili mwingine aje aikaze. Tulijaribu kufikiri ingekuwaje katika vikao vyetu kama kila mzee, akitoa neno, angelazimika kuongeza: "na katika hili huenda nimekosea kwa kiasi hiki." Mmoja wetu alisema kikao kingekuwa kifupi sana.

Lakini hatutaki msomaji adhani kwamba yote sasa ni mepesi. Si mepesi. Miaka milioni 800 inatisha. Mtu aliyezoea kuhesabu vizazi kutoka kwa Adamu, akawapanga wote kama mababu walioketi barazani, akiambiwa kwamba kabla yao palikuwa na bahari nzima iliyofunguka na kufungwa na milima iliyosimama na kusagika bila mtu hata mmoja kuiona, hujihisi kama mgeni aliyefika arusini wakati vyombo vinaoshwa. Zaburi ya tisini, ile ya Musa, inatusaidia kiasi, kwa kuwa inasema hata miaka elfu mbele za Mungu ni kama jana iliyopita. Tulipokuwa vijana tuliichukua kama lugha ya kishairi. Sasa tunashuku kwamba ilikuwa inapunguza makali.

Mzee aliyemjibu kijana yule alikuja kutueleza jambo jioni moja baada ya kikao. Tunaliandika kwa ruhusa yake. Alisema hakukasirishwa na jiwe. Mwaka ule alikuwa amemzika mkewe. Na kijana alipotaja mamilioni, yeye alisikia kitu kimoja tu: kwamba kama Kitabu kimekosea mwanzo, basi huenda kimekosea na mwisho, na kaburi lile chini ya mgrevilea ni kaburi tu. Alisema: "Sikuwa namtetea Mungu. Nilikuwa namtetea mke wangu."

Tulikaa kimya tena, lakini kimya kingine. Wala hatukuweza kumpa jibu la haraka. Tulichoweza kumwambia ni kwamba tumaini la ufufuo halikuwahi kusimama juu ya hesabu ya Ussher. Mtume Paulo anapolihubiri kwa Wakorintho anawataja mashahidi waliomwona Yesu amefufuka, wengi wao wakiwa bado hai wakati huo, wanaoweza kuulizwa. Ni ushuhuda wa watu, nao unapimwa kama ushuhuda wa watu. Jiwe halisemi lolote juu ya jambo hilo. Ayubu tena, katika sura ya ishirini na nane, anawasifu wachimbaji wanaoning'inia gizani mbali na watu, wanaopindua milima kwenye mizizi yake na kutoa nje vilivyofichika, na kisha anauliza hekima yenyewe itaonekana wapi. Hawalaumu kwa kuchimba. Anasema tu kwamba waliyoitoa siyo hiyo. Mzee alisikiliza, akasema atalifikiria. Anaendelea kulifikiria.

Siku iliyofuata ndiye aliyetaka twende kumwona kijana. Alikuwa amemaliza chuo na amepata kazi ya muda, anawaongoza watafiti milimani, na wakati huo alikuwa nyumbani kwa mama yake. Tulikwenda watu wanne. Alitupokea kwa shikamoo, akatutolea viti, akaketi kwenye ngazi. Mzee akamwambia, "Mwanangu, siku ile uliuliza kama wewe bado ni wetu. Nilikujibu swali jingine ambalo hukuniuliza. Naomba unisamehe." Kijana alitazama chini kwa muda. Kisha akauliza kama jiwe lake bado lipo. Hapo tukaona aibu nyingine, kwa sababu ilitubidi kumwambia linafanya kazi gani. Alicheka mpaka mama yake akatoka jikoni.

Jumamosi moja alikuja darasa la kipaimara na nyundo. Tulikuwa tumewaalika na wazee wengine, na bibi mmoja wa jumuiya ya juu, aliyepita kuleta ndizi, naye akaketi. Kijana alivunja kipande cha jiwe, akawapitishia watoto. Ndani mlikuwa na vidonge vyekundu vyenye mng'ao, na watoto wakapiga kelele wakidhani ni vito. Akawaambia ni garneti, zimeota jiwe lilipokuwa likikandwa kilindini, na kwamba hazina bei kwa sababu zimejaa nyufa. Akaeleza juu ya bahari na volkano na zirkoni. Aliwaambia pia anachoamini, na mahali ambapo hajui, na hakuvichanganya. Mtoto mmoja aliuliza kama Nuhu aliiona bahari hiyo. Mwingine akauliza kama jiwe linauma likipikwa.

Bibi alikuwa akikigeuza kipande kile mkononi muda wote. Mwishoni akauliza, "Mjukuu wangu, bahari hiyo ilikuwa na samaki?"

"Hapana, bibi. Wakati ule samaki walikuwa bado. Wala mti, wala nyasi. Vijidudu tu, visivyoonekana kwa macho."

"Na hiyo milima nayo, hakuna aliyepanda?"

"Hakuna, bibi."

Akafikiri. "Basi hiyo yote Mungu alikuwa anaiangalia peke yake," akasema, na akamuuliza Mwinjilisti kama anaweza kuondoka na kile kipande. Mwinjilisti akamtazama kijana, kijana akaitikia kwa kichwa, naye akakifunga kwenye pindo la khanga. Kipande kilichobaki tulikirudisha mlangoni, kwa sababu upepo wa jioni ulikuwa umeanza.